Mulimuona?

Mwezi wa tatu kaka yangu mkubwa alinitumia sauti ya dakika sita kwenye WhatsApp. Sisi nyumbani tunamwita Yaya. Alihamishiwa Marekani mwaka 2019, na sasa anakamua ng'ombe kwenye shamba moja karibu na mji wa Lancaster, jimbo la Pennsylvania. Kule ni nchi ya wakulima kwelikweli. Wanalima mahindi, soya na majani ya ng'ombe, na majirani wengine wanalima kwa farasi mpaka leo kwa sababu ya dini yao.

Dakika nne za mwanzo alisalimia watu wote wa nyumbani, mmoja mmoja. Unajua sauti za ndugu walioko mbali. Mbili za mwisho akaniuliza swali. Mwenye shamba, mzee wa miaka sabini na kitu, amemwalika Jumamosi waende kuwinda koyote. Anasema koyote wamemaliza marmoti wote. Zamani kila uzio ulikuwa na marmoti wawili watatu, siku hizi anamaliza mwezi mzima bila kumwona hata mmoja. "Sasa mudogo wangu," Yaya akasema, "mimi sijakosana na huyo munyama hata siku moja. Niende ao nisiende? Wewe njo unafundishaka vijana, uniambie."

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nakivale. Chuo sijafika, nilimaliza sekondari tu. Nilicheka kwanza, halafu usingizi ukakata. Kumbe swali lenyewe nilikuwa nalijua. Nililiulizwa miaka mitatu iliyopita na mama mmoja jirani, kwa neno moja tu, na siku ile sikuwa na jibu.

Kabla sijasimulia, niseme kidogo juu ya wanyama hawa wawili, manake hapa hatunao. Marmoti ni ndugu wa kindi, lakini haishi juu ya mti. Ni mnene, ana miguu mifupi, anaweza kufika kilo tano, anachimba shimo refu chini ya ardhi na kulala humo majira yote ya baridi. Jina lake la Kiingereza linamfanya nguruwe wa ardhini. Koyote yeye ni kama bweha wetu, ila yule wa upande wa mashariki ya Marekani ni mkubwa zaidi, kwa sababu amechanganya damu na mbwa mwitu wa kule na hata na mbwa wa nyumbani. Anakula panya, sungura, mizoga, matunda, na ndiyo, marmoti pia anamla. Akipata kondoo asiye na mlinzi, anamla kondoo.

Kwa hiyo mzee yule hasemi uongo. Lakini Yaya alimuuliza kitu kimoja kizuri: kwani ulikuwa unawapenda hao marmoti? Mzee akacheka sana. Akasema tangu akiwa mtoto walikuwa wanawapiga risasi kila kiangazi. Mashimo yao yanaharibu trekta, ng'ombe anaweza kuvunja mguu, na shamba la soya wanalila kuanzia pembeni kwenda katikati. Baba yake alikuwa anampa senti kadhaa kwa kila mmoja.

Mnaona? Mtu anamlilia mnyama aliyempiga risasi miaka sitini. Vijana wangu nilipowasimulia walisema ni unafiki. Mimi sidhani. Mnyama uliyegombana naye maisha yako yote anakuwa sehemu ya nyumbani, na akipotea unahisi ua umekuwa mkubwa mno. Nyanya yangu alikuwa hivyo na nyani wa mlimani kwetu Kivu ya Kusini. Aliwatukana kila asubuhi, na tulipofika huku kambini, moja ya vitu vya kwanza alivyosema amevikumbuka ni kelele zao. Huzuni ya mzee naiamini. Ninachouliza ni kama huzuni yake inatosha kuwa ushahidi.

Sasa habari yetu.

Miaka mitatu iliyopita kikundi chetu kilipewa vifaranga 40 na mradi mmoja. Mgao wa chakula ulikuwa umeshapungua, na sisi tuliwahesabu wale kuku kama watu wa benki. Haya ni mayai, hizi ni ada za shule, hivi ni viatu vya mpira. Wiki ya tatu wakaanza kupotea. Wawili, watatu, siku moja watano. Asubuhi unakuta manyoya tu.

Tukakaa kikao. Nikikumbuka kikao kile naona aibu. Hakuna aliyeuliza nani anakula kuku, kila mtu alikuwa anajua tayari. Mmoja alisema nguchiro, mwingine paka pori, mwingine akasema wote tu, "hao banyama ba pori". Tulikubaliana haraka kuliko tunavyokubaliana jambo lolote. Tukanunua matumbo ya mbuzi, tukayapaka dawa ya kupulizia nyanya, tukayaweka nyuma ya banda giza lilipoingia.

Asubuhi tulikuta nguchiro mmoja, kunguru wawili, na mbwa wa mama jirani.

Mama yule ni mjane. Analala peke yake na wajukuu wawili, na mbwa ndiye alikuwa mlango wake wa pili. Alikuja akiwa na kitenge cha zamani mkononi, inaonekana alishaambiwa njiani. Akamtazama mbwa, akatutazama sisi, akauliza: "Mulimuona?"

Tulifikiri anauliza kama tulimwona mbwa akila sumu. Tukasema hapana mama, ilikuwa usiku.

"Sijauliza ile. Huyu njo alikula kuku zenu? Mulimuona?"

Kimya.

"Na ule mwenye alizikula, mulimuona?"

Akamfunga mbwa kwenye kitenge, akaenda kumzika mwenyewe. Hakutaka kijana yeyote amsaidie kuchimba.

Usiku uliofuata wakapotea kuku wengine wawili.

Ndipo kijana mmoja kati yetu, yule ambaye kwenye kikao hakusema neno, akaamua kulala nje na tochi. Saa nane ya usiku alimwona: paka pori mmoja, peke yake, anaingia kupitia tundu nyuma ya banda. Mvua ilikuwa imebomoa udongo pale chini, pakabaki nafasi kama ngumi mbili. Sisi sote tulipita pale kila siku tukibeba maji. Tukaziba kwa mawe na kipande cha waya wa wavu. Tulitumia pesa kidogo kuliko ya matumbo na dawa. Tangu siku ile hatukupoteza kuku usiku. Mchana mwewe alichukua wawili, tukamezea.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatukuanza na tundu. Jibu nililopata halinipendezi. Kutafuta adui ni kazi tamu, inaunganisha watu. Kuziba tundu ni kazi ya matope, na tena inakubidi ukubali kwamba banda ulilijenga vibaya wewe mwenyewe.

Shuleni tulifundishwa methali inayosema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Niliiandika kwenye insha na nikapata alama nzuri. Kwa samaki ni kweli, wakiwa kwenye kapu moja na jua ni kali. Lakini wengi wetu tunaosoma jarida hili tuko huku kambini juu mtu fulani aliichukua methali ya samaki akaitumia kwa binadamu. Sitataja kabila la mtu. Tunapanga foleni moja ya maji na ninataka tuendelee kupanga. Nasema tu kwamba mwaka mmoja baada ya mbwa kufa, mama yule aliniambia jinsi mume wake alivyochukuliwa usiku. Watu wa lugha yake walisemekana wamefanya jambo baya katika kijiji kingine. Labda wengine walifanya kweli. Yeye siku ile alikuwa anachoma matofali nyumbani. Waliokuja kumchukua hawakuuliza swali lolote.

Sisemi mbwa ni sawa na mume. Hata yeye hakusema hivyo. Lakini nilielewa neno lile "mulimuona" alilitoa wapi.

Hata ardhi hii tunayolima ina historia hiyo. Ankole, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea miaka ya 1960, serikali iliajiri wawindaji waue wanyama wa porini kwa maelfu. Kosa lao halikuwa kula ng'ombe. Walikuwa na damu, na mbung'o alikuwa anaishi kwa damu ile. Walitaka mbung'o afe njaa, kwa hiyo wakaua pundamilia, nyati na paa. Ugonjwa wa mbung'o ni mbaya na wafugaji walikuwa wanaumia kweli, sitaki kuwacheka. Ila ona jinsi hesabu inavyokwenda: unaanza na nzi, unafika kwa paa. Ukitoka hapa kuelekea hifadhi ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, utawaona pundamilia waliobaki. Simba waliokuwa wakizaliana kule waliisha.

Turudi kwa Yaya. Nilisoma kidogo habari za jimbo lake kwenye simu, na nikakuta Pennsylvania walishafanya kosa letu zamani, tena kwa pesa nyingi. Mwaka 1885 jimbo lilitunga sheria ya kulipa senti 50 kwa kila mwewe, bundi, kicheche au minki atakayeuawa. Watu waliiita sheria ya ngozi za vichwa, kwa sababu ndicho ulichopeleka ofisini ili ulipwe. Nia yao ilikuwa njema kabisa: kuwaokoa kuku wa wakulima. Mtaalamu mmoja wa serikali, C. Hart Merriam, akafanya hesabu baadaye. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi jimbo lilitumia dola 90,000. Kuku waliookolewa, kwa makadirio yake, walikuwa na thamani ya dola 1,875. Tena bundi na mwewe wengi kazi yao kubwa ni kula panya, na panya hakuandikiwa sheria yoyote. Mwaka 1887 wakaifuta. Mwaka huohuo, katika mji wa Punxsutawney jimbo hilohilo, watu walianza ile sherehe yao ya tarehe 2 Februari, ya kumtoa marmoti shimoni wamuulize baridi itaisha lini. Kwa hiyo marmoti alipewa kazi ya utabiri mwaka uleule bundi aliposamehewa. Hiyo niliipenda.

Na koyote? Koyote ni mgeni Pennsylvania. Kwao ni nyika za katikati na magharibi. Mashariki kulikuwa na mbwa mwitu na puma, lakini toka enzi za ukoloni watu walilipwa kuwaua mbwa mwitu, na hadi mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamekwisha pale. Nafasi ikabaki tupu. Koyote akatembea kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka akaijaza. Leo yuko katika majimbo yote ya Marekani isipokuwa visiwa vya Hawaii.

Wakati huohuo serikali yao haijaacha kumwinda. Toka mwaka 1915 Bunge lilianza kutoa fedha za kuua wanyama wanaokula mifugo, mwaka 1931 likatunga sheria kamili, na mpaka miaka yetu hii wawindaji wa serikali wameua makumi ya maelfu ya koyote kwa mwaka. Wameua kwa bunduki, kwa mitego, kwa sumu, na kwa ndege ya helikopta. Na koyote ameongezeka maeneo. Inawezekanaje? Wanaomchunguza wanaeleza hivi. Kwenye kundi la koyote, kwa kawaida anayezaa ni jike mkubwa na dume wake, wengine wanasaidia kulea. Ukiwaua wakubwa, kundi linavunjika, majike wadogo wanaanza kuzaa kila mmoja kwake, na kwa kuwa midomo imepungua na chakula kipo, watoto wengi zaidi wanaishi. Umeadhibu ukoo, ukoo ukazaa koo tatu.

Hapa najua msomaji ananingojea. Utasema: huyu kijana sasa atatuambia koyote ni mkimbizi. Hapana. Mkimbizi hali kondoo za mtu. Nachukia watu wanapotufananisha na wanyama, hata wakiwa na nia nzuri. Ila kuna jambo moja la mgeni ambalo sisi tunalijua kwa mwili: kitu kikipungua, wa kwanza kutajwa ni yule aliyefika mwisho. Kuni zikipungua, ni wakimbizi. Samaki wakipungua ziwani, ni wakimbizi. Na tuseme ukweli, mara nyingine ni kweli, kuni tunakata, mimi mwenyewe nimekata. Lakini maswali yanayofuata huwa hayafiki mezani: ni kiasi gani? Na nani mwingine? Na palikuwaje kabla hatujaja?

Kuhusu marmoti maswali hayo yapo. Yaya anasema kwenye shamba la mzee, nyuzi za vichaka ziling'olewa ili mashine kubwa zigeuke vizuri, na ni palepale marmoti walikuwa wanachimba. Shamba la jirani limeuzwa, limekuwa nyumba na barabara ya lami. Na zile risasi za kila kiangazi nazo tuziweke wapi? Koyote anaweza kuwa sababu mojawapo, hata kubwa. Lakini mzee hakupanga sababu zote mezani akachagua. Alichukua ile yenye meno.

Wahenga walisema msema pweke hakosi. Koyote haji kwenye kikao. Nguchiro pia hakuja kwetu. Kwa hiyo mtu lazima amsemee, si kwa kumpenda, ni ili kikao kisidanganyike. Mwaka 1937 mtafiti Adolph Murie alitumwa kwenye hifadhi ya Yellowstone kwa sababu watu walisema koyote wanamaliza kulungu. Alikaa kule akiokota vinyesi vya koyote kwa maelfu, akivichambua kimoja kimoja. Alikuta zaidi panya wa majani, fuko na panzi. Kitabu chake kikatoka mwaka 1940, na kilisema kwamba koyote si yule mharibifu aliyedhaniwa. Vijana wangu wanacheka nikiwaambia ushahidi mwingine unaokotwa mavini. Lakini mtu yule alifanya kile ambacho sisi hatukufanya: aliangalia kwanza.

Sasa nijibu wale wanaonipinga, manake wapo na wana hoja.

Hoja ya kwanza: mnyama si mtu. Kweli. Sidai koyote apewe wakili. Lakini tabia ya kuhukumu ni moja tu, iko ndani ya mtu yuleyule. Sina mkono mmoja wa kuadhibia wanyama na mwingine wa kuadhibia majirani. Kikao kile cha kuku kilinionyesha jinsi vijana wazuri, wanaosali, wanaopendana, wanavyoweza kukubaliana kuua kitu ambacho hawajakiona, na kurudi kulala vizuri. Kilichonitisha ni ule usingizi.

Hoja ya pili: mwenye njaa hana muda wa uchunguzi. Hii naiheshimu zaidi. Kifaranga kimoja kwa mama wa hapa ni daftari la mtoto. Ndugu zetu wa mashirika, nawaambia kwa upole: ni rahisi kumpenda paka pori ukiwa unalala mjini na mayai yako yanatoka dukani. Anayetaka nguchiro aishi lazima asaidie kubeba hasara ya nguchiro. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 kuhusu wanyamapori imeweka utaratibu wa fidia kwa madhara ya baadhi ya wanyama wakubwa, na ni jambo jema. Lakini kuku wa mjane hatafika kwenye fomu ile. Kwa kuku wa mjane fidia ni waya wa wavu, misumari, na vijana wawili wa kuja kuziba. Mradi unaoleta vifaranga 40 bila kuleta banda imara umeleta ugomvi pia. Naomba tulifikirie hilo mwaka kesho bajeti ikiandikwa.

Lakini hata mwenye njaa, uchunguzi ulimgharimu nini? Kwetu ulikuwa usiku mmoja na tochi.

Hoja ya tatu: basi unataka tusiue kabisa? Sisemi hivyo. Mimi si mtakatifu. Nguchiro nikimkuta na kifaranga mdomoni nitampiga, na sitaomba radhi. Kumwadhibu aliyefanya ni tofauti na kuadhibu kila anayefanana naye, na hata Marekani wanaijua tofauti hiyo vizuri. Watafiti wa California waliofuatilia koyote na kondoo waliona kwamba wauaji wengi wa kondoo walikuwa wale wakubwa wenye eneo na watoto wa kulisha, siyo kila koyote apitaye. Kuna wakati walibuni kola ya kumvisha kondoo shingoni, yenye sumu ndani. Koyote akiuma koo la kondoo, anaingiza sumu mdomoni mwake mwenyewe. Anayepita na kuendelea na safari yake hapati kitu. Sumu ni kali na siipendi, lakini angalau inasubiri mtu afanye kosa. Linganisha na kile chombo chao kingine, kinachochomekwa ardhini na kupakwa harufu ya nyama, ukikivuta kinarusha sayanaidi. Chenyewe hakiulizi nani amekivuta. Mwaka 2017 huko Idaho kijana wa miaka 14 alitoka kutembea na mbwa wake mlimani karibu na nyumbani, akakigusa. Yeye aliumia, mbwa akafa palepale.

Nilipoisoma habari ile nilifunga simu nikakaa kidogo. Yetu yalikuwa matumbo ya mbuzi tu, hatukuwa na sayanaidi. Lakini tulitega kitu kilekile. Na wajukuu wa mama yule walikuwa wanacheza nyuma ya banda lile kila siku.

Basi nikamjibu Yaya. Sikumwambia aende wala asiende, yeye ni mkubwa wangu. Nilimtumia maswali matatu, yale ambayo sasa kikundi chetu kinauliza kabla ya kugusa dawa yoyote. La kwanza: mumemwona? Siyo mumesikia, siyo mumeona alama ya mguu. La pili: ni yeye, ao ni mwenzake wa rangi ile? La tatu: tundu limezibwa? Yakijibiwa yote matatu na bado kuna hasara, mnyama yule mmoja hana wa kumtetea, hata mimi sitamtetea.

Yaya alikaa kimya siku nne. Nikaona nimemkosea, mudogo kumfundisha mkubwa. Halafu sauti ikaja, safari hii dakika mbili tu. Alimwuliza mzee swali la kwanza, kwa Kiingereza chake. Mzee hakukasirika. Alisema hapana, hajamwona koyote akiwa na marmoti, ameona vinyesi vyenye manyoya. Halafu akaenda kwenye ghala akarudi na kamera ndogo, zile zinazofungwa mtini na kujipiga picha zenyewe usiku. Wakaifunga mwisho wa shamba, penye shimo la zamani. Jumamosi ile hawakuenda kuwinda, walikunywa kahawa.

Mpaka leo kamera imeonyesha kulungu, paka wa jirani, rakuni, na mara moja koyote anayepita na panya mdomoni. Marmoti hajaonekana. Kwa hiyo mzee bado ana huzuni yake, na labda mwishoni itathibitika ni koyote kweli. Sijui na sitaki kushinda ubishi. Yaya anasema kuna jioni mzee anaangalia zile picha mpaka ng'ombe wanaanza kulia.

Kwetu hapa, tulichelewa kulipa, lakini tulilipa. Baada ya kuuza kuku wa kwanza tulimnunulia mama jirani mtoto wa mbwa, na tukampelekea na kuku jike wawili. Kuku aliwapokea. Mbwa alimtazama kwa muda mrefu, tukadhani atamkataa. Kisha akamchukua. Mnajua desturi yetu ya kumpa mbwa jina ili jirani asikie ujumbe. Huyu alimpa jina Mulimuona.

Sasa ni mbwa mkubwa, mwenye kelele. Kila jioni mama anamwita arudi nyumbani kabla ya giza, kwa sauti ya juu kabisa, na sisi tuliokaa kwenye kikao kile tunamsikia kutoka bandani. Hakuna hata mmoja wetu anayecheka. Na wewe unayesoma, kabla hujataja nani amemaliza kitu chako, jaribu kujibu kana kwamba mama anakuita wewe.